Je, Mgonjwa Huyu Anaweza Kungoja? Somo la Wauguzi kwa Makanisa Yetu



Katika parokia nyingi za mashariki mwa nchi yetu kuna vijana wanaosomea uuguzi. Wakati wa mitihani ukikaribia, wanakaa pamoja kwenye mabenchi ya kanisa baada ya ibada ya jioni na kuulizana maswali. Swali huwa na sura kama hii: mtoto wa miaka miwili ana homa tangu siku tatu, na tangu asubuhi amekataa kunyonya na kunywa. Utaangalia nini kwanza? Utafanya nini? Mwanafunzi anayekimbilia kutaja jina la ugonjwa kabla ya kuangalia kama mtoto yuko hatarini hupoteza pointi, hata kama jina alilotaja ni sahihi.

Maswali hayo yanatuhusu sisi pia, wachungaji, wazee wa kanisa, mashemasi na wamama viongozi. Mgonjwa yule yule wa kwenye daftari analetwa kwetu, mara nyingi usiku, kabla hajapelekwa kwa muuguzi. Analetwa kwa sababu watu wanatuamini, kwa sababu kituo cha afya kiko mbali, kwa sababu hakuna pesa, au kwa sababu jamaa wamesema ugonjwa huu si wa hospitali. Tukimpokea kwenye chumba cha maombi, tayari tumefanya uamuzi juu ya maisha yake, hata kama hatukusema neno. Saa anazokaa kwetu ni saa anazokosa dawa.

Sisi si madaktari, na makala hii haitamfanya msomaji kuwa daktari. Lakini kuna jambo moja ambalo kila kiongozi wa kanisa anaweza kujifunza, nalo ndilo linaloanza kila somo la wauguzi: kutofautisha mgonjwa anayeweza kungoja mpaka kesho na mgonjwa asiyeweza kungoja hata saa moja.

Maombi na dawa katika nyumba moja

Kabla ya kuingia katika dalili, tuseme wazi jambo linalowasumbua waamini wengi. Kumpeleka mgonjwa hospitali si kukosa imani. Nabii Isaya alimletea mfalme Hezekia ahadi ya Mungu kwamba atapona, na papo hapo akaagiza dawa ya tini iwekwe juu ya jipu lake. Msamaria mwema alimwaga mafuta na divai kwenye majeraha, akampandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akalipa gharama za nyumba ya wageni. Luka, aliyetuandikia habari hiyo, Paulo anamwita tabibu mpendwa.

Wazee wetu katika imani walifahamu hivyo. Misioni za Kiprotestanti zilizokuja mashariki mwa Kongo zilijenga kanisa, shule na hospitali katika kiwanja kimoja. Oicha, Nyankunde na Lemera ni majina yanayojulikana na kila familia ya eneo hili, na hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, ni tunda la mti huo huo. Hospitali hizo zimeshambuliwa wakati wa vita, Lemera mwaka 1996 na Nyankunde mwaka 2002, wagonjwa na watumishi wakauawa ndani yake. Hata hivyo kazi haikukoma. Tukiwaambia waamini wachague kati ya maombi na dawa, tunavunja kile ambacho wazee wetu walikiunganisha kwa gharama kubwa.

Alama nne kwa mtoto mdogo

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, wauguzi wanafundishwa kuuliza mambo manne kabla ya yote. Je, anashindwa kunywa au kunyonya? Je, anatapika kila kitu anachopewa? Je, ameshikwa na degedege katika ugonjwa huu? Je, amelegea, analala tu, au hazinduki anapoitwa? Jibu likiwa "ndiyo" kwa moja tu kati ya hayo, mtoto huyo hawezi kungoja. Haijalishi kama chanzo ni malaria, mapafu au kitu kingine. Jina la ugonjwa litatafutwa njiani na hospitalini.

Tunawaomba wamama wa kanisa wayashike mambo hayo manne kwa kichwa, kama wanavyoshika nyimbo. Hayahitaji chombo chochote. Sasa tuangalie mifano sita ambayo wanafunzi wetu hukutana nayo mara kwa mara katika mitihani, na ambayo sisi hukutana nayo katika nyumba za waamini.

Mfano wa kwanza: mtoto mwenye homa

Kwetu, homa ya mtoto inahesabiwa kuwa malaria mpaka kipimo kionyeshe vingine. Kipimo cha haraka kinataka tone moja la damu ya kidole, na jibu linapatikana kwa muda wa dakika 15 au 20 hivi. Malaria isiyo kali inatibiwa kwa vidonge vya mchanganyiko vinavyomezwa siku tatu. Kosa linaloonekana sana ni kuacha vidonge siku ya pili kwa sababu homa imeshuka, na kumwekea mdogo wake vilivyobaki. Wadudu wanaobaki katika damu wanaongezeka tena, na ugonjwa unarudi.

Malaria kali ina sura nyingine. Pamoja na zile alama nne, angalia viganja vya mtoto: vikiwa vyeupe kuliko vya mama yake, damu imepungua. Mkojo mweusi kama kahawa, macho ya manjano na kupumua kwa shida ni alama za hatari vilevile. Huyu anahitaji artesunate ya sindano, na wakati mwingine kuongezewa damu. Vituo vingi vya mbali vinafundishwa kumpa mtoto mdogo artesunate ya kuwekwa njia ya haja kubwa kabla ya kumsafirisha, ili apate nguvu ya kufika. Dawa hiyo haimalizi matibabu. Mtoto akionekana amechangamka baada ya kuipata, safari ya hospitali inabaki pale pale.

Jambo moja dogo la njiani: sukari ya damu hushuka upesi kwa mtoto mwenye malaria kali. Kama bado anameza vizuri, anyonyeshwe au apewe maji yenye sukari kidogo kidogo. Kama hazinduki, asitiwe kitu chochote mdomoni, kwa maana kitaingia kwenye mapafu.

Mfano wa pili: mtoto anayekohoa

Kikohozi peke yake hakitishi sana. Kinachotisha ni namna ya kupumua. Muuguzi anamfunua mtoto kifua, anangoja atulie, kisha anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua mbio mno. Kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5 kipimo ni 40. Kwa kichanga chini ya miezi 2 ni 60, na kichanga huyo ni wa kupelekwa mara moja.

Kila simu ina saa inayohesabu sekunde. Shemasi yeyote anaweza kujifunza kuhesabu pumzi kwa robo saa ya mazoezi. Kuna pia alama inayoonekana bila kuhesabu: mtoto anapovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani badala ya kutoka nje. Ukiona hivyo, au midomo ikiwa ya bluu, au mtoto anakoroma kwa kila pumzi, usimfunike blanketi nzito na kumwacha alale. Ni ugonjwa wa mapafu unaotaka antibiotiki, na ukiwa mkali unataka oksijeni pia.

Mfano wa tatu: kuhara maji

Goma haijasahau Julai 1994. Katika mwezi wa kwanza baada ya wakimbizi kuvuka mpaka, karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kwa kuhara damu. Tangu wakati huo kolera haijatuacha, hasa kando ya maziwa na katika kambi za waliohama.

Kolera hutoa choo kama maji yaliyooshewa mchele, bila maumivu makubwa, tena kwa wingi. Mtu mzima mwenye afya asubuhi anaweza kufa jioni. Kinachomuua ni kukauka. Angalia macho yaliyozama, mdomo mkavu, machozi yasiyotoka. Finya ngozi ya tumbo halafu uiachie: ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, maji yamepungua mno mwilini.

Matibabu yake ni kurudisha maji. Pakiti moja ya dawa ya maji na chumvi inachanganywa na lita 1 ya maji safi, si chupa ndogo, si "kwa kukadiria", na inatumiwa ndani ya saa 24. Pakiti zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu, vinaweza kuokoa maisha wakati mnatafuta msaada. Mpe mgonjwa kidogo kidogo bila kuacha. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha muendelee polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na kituo cha afya kitampa pia zinki kwa siku 10 mpaka 14.

Aliyekauka sana hatapona kwa kikombe. Katika mtihani wanafunzi wanaulizwa kiasi cha serumu, na jibu linatufundisha sisi pia: mililita 100 kwa kila kilo ya mwili ndani ya saa 3, kwa mtu aliyepita mwaka mmoja. Mtu wa kilo 60 anahitaji lita 6. Kumtundikia chupa moja ya nusu lita nyumbani na kumwambia mjomba "amewekewa serumu" ni kumdanganya mgonjwa. Apelekwe mahali penye serumu za kutosha, na njiani aendelee kunywa kama bado anaweza kumeza.

Mfano wa nne: mama mjamzito mwenye maumivu ya kichwa

Mfano huu tunaomba usomwe na wanaume pia. Mama ana mimba ya miezi minane. Uso na mikono imevimba. Analalamika kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu au nyota, na anasikia maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu. Usiku anaanguka, mwili unatetemeka, povu linatoka mdomoni. Jamaa wanasema ni pepo au ni mke mwenza, na wanamleta kwa mchungaji.

Mwanafunzi wa uuguzi anatambua hapo kifafa cha mimba. Kinaanza na tansio inayopanda baada ya wiki ya 20 ya mimba, 140 juu ya 90 au zaidi, pamoja na protini katika mkojo. Tansio ikifika 160 juu ya 110, hatari ni ya saa hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia na kutuliza degedege hiyo ni magnesiamu salfeti, dawa ya bei ndogo. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Lakini ugonjwa wenyewe unaisha tu mtoto anapozaliwa na kondo kutoka, kwa hiyo mama huyu anahitaji hospitali inayoweza kumzalisha, hata kwa kupasuliwa.

Kifafa cha mimba kinaweza pia kutokea baada ya kuzaa, hata siku kadhaa baadaye. Tusidhani kwamba mama aliyejifungua salama amevuka hatari zote. Vilevile damu: ikiendelea kutoka baada ya kuzaa na kulowanisha kitenge baada ya kitenge, mama hana saa nyingi. Kutoka damu baada ya kuzaa kunaua wamama kuliko karibu kila sababu nyingine ya uzazi.

Mama anayetetemeka alazwe ubavu wa kushoto, vitu vya kumwumiza viondolewe, aliye karibu aombe, na wengine watafute usafiri wakati huo huo. Kumfunga kamba, kumpigia kelele au kumnyima chakula kwa kufunga na kuomba hakumsaidii hata kidogo.

Mfano wa tano: anayeanguka na kutetemeka

Hapa tunagusa jambo lenye mjadala mkubwa katika makanisa yetu. Tunaamini kwamba kuna roho wachafu, na Injili zinasimulia jinsi Bwana alivyowatoa. Lakini mwili unaotetemeka hautuambii peke yake chanzo chake. Malaria kali husababisha degedege. Sukari ikishuka, degedege. Mimba, kama tulivyoona, degedege. Ugonjwa wa ngozi za ubongo, unaoitwa pia uti wa mgongo, ukija na homa kali, kichwa kuuma na shingo isiyokunjika, nao huleta degedege, na kwa kichanga utosi huvimba. Ugonjwa huo uliwaka Banalia, katika mkoa wa Tshopo, mwaka 2021. Unataka antibiotiki ya sindano mara moja, na kila saa inayopotea inaweza kuacha uziwi, ulemavu wa akili au kifo.

Na kuna kifafa chenyewe, kinachorudi mara kwa mara bila homa. Kule Ituri watafiti wameona kifafa kikiwa kingi katika vijiji vyenye usubi wanaoleta upofu wa mtoni, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kumeza ivermektini inapogawiwa. Kifafa si ugonjwa wa kuambukiza. Kugusa povu hakumwambukizi mtu. Wengi wanaopata dawa zao kila siku wanaishi, wanasoma na kufanya kazi. Mchungaji anayemwambia mgonjwa wa kifafa aache vidonge ili kuonyesha imani anamweka katika hatari ya kushikwa na degedege isiyokoma, nayo inaua.

Tukumbuke pia Marko sura ya 9. Baba alipomleta mwanawe aliyekuwa akianguka motoni na majini, Yesu alimwuliza kwanza ni tangu lini hali hiyo ilianza. Ndilo swali ambalo muuguzi mzuri huanza nalo. Bwana hakuona aibu kuuliza historia ya mgonjwa, wala hakumlaumu mtoto. Watoto wangapi wa mitaa yetu wameitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani kwa sababu tu ya kifafa? Kanisa lisiwe mahali ambapo neno hilo linaanzia.

Mtu akianguka mbele yenu, fanyeni hivi. Ondoeni moto, mawe na vyuma karibu naye. Wekeni nguo laini chini ya kichwa. Msitie kijiko wala kidole mdomoni, msimkandamize. Angalieni saa. Kutetemeka kukipungua, mlazeni ubavuni ili mate yatoke. Degedege ikipita dakika 5, ikirudi kabla hajazinduka, ikiwa ni ya kwanza maishani, ikiwa kuna homa au mimba, huyo hawezi kungoja.

Mfano wa sita: upele, homa na mikono yetu

Surua inaanza na homa, kikohozi, mafua na macho mekundu, kisha upele unatokea usoni na nyuma ya masikio, unashuka mwilini. Mwaka 2019, wakati dunia yote ilikuwa ikiangalia Ebola ya kwetu, surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto. Mtoto wa surua anahitaji vitamini A, maji, chakula na kuangaliwa mapafu na macho. Chanjo yake inaanza akiwa na miezi 9. Mchungaji anayetangaza siku ya chanjo kwenye matangazo ya Jumapili anaokoa watoto.

Mpox, ambayo mtu wa kwanza kujulikana aliugua hapa Kongo mwaka 1970, ilileta aina mpya iliyotambuliwa baada ya wagonjwa kuonekana Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023. Mwezi wa Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa hatari ya kimataifa. Vipele vyake vinajaa maji kisha usaha, vinatokea usoni, viganjani, chini ya nyayo na sehemu za siri, na tezi huvimba. Mgonjwa hapaswi kuaibishwa kwa mahali vipele vilipotokea, maana aibu inamfanya ajifiche nyumbani na kuwaambukiza watoto.

Ebola tunaijua. Toka Agosti 2018 hadi Juni 2020, Kivu Kaskazini, Ituri na sehemu ya Kivu Kusini zilihesabu wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Mwanzoni inafanana na malaria: homa, uchovu, kichwa, kutapika, kuhara. Wengi hawatoki damu kabisa, kwa hiyo tusingoje damu ndipo tushtuke. La kuuliza ni hili: je, mtu huyu alimhudumia mgonjwa, alikwenda mazishini, au kuna vifo visivyoeleweka nyumbani kwake? Katika ugonjwa ule tulijifunza pia kwamba kuna chanjo, na kwamba dawa mbili zilizopimwa hapa kwetu, pamoja na watafiti wetu wakiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, zinasaidia zaidi mgonjwa anapofika mapema.

Kwa magonjwa haya matatu, swali la kuwekea mikono linakuja. Tunajua uzito wake katika ibada yetu. Lakini Bwana Yesu alimponya mtumishi wa yule akida bila kufika nyumbani kwake. Mgonjwa mwenye upele wa kutiliwa mashaka, au homa wakati Ebola imetangazwa, aombewe kutoka umbali wa hatua chache, asipitishwe katikati ya kusanyiko, na kituo cha afya kiitwe. Na mazishi yafanywe pamoja na watu wa afya, huku familia ikiruhusiwa kuomba na kuaga.

Kuamua kabla jua halijatua

Kwetu sisi kuna jambo ambalo vitabu vya mtihani haviliandiki. Usiku pikipiki hazitembei, vizuizi vinafungwa, na barabara nyingine hazina usalama hata mchana. Kwa hiyo mgonjwa wa mashaka saa tisa ya alasiri lazima aamuliwe saa tisa hiyo hiyo. Kungoja tuone atalalaje ni kumfungia njia mpaka asubuhi.

Tunaziomba parokia zifanye mambo machache ambayo hayahitaji mradi wala wafadhili.

Andikeni ukutani, ndani ya chumba cha maombi, alama nne za mtoto, dalili za mama mjamzito na swali lenyewe: je, huyu anaweza kungoja? Kila mgonjwa anayeingia aangaliwe kwanza. Asiyeweza kungoja aombewe kwa dakika chache na aondoke na mtu wa kumsindikiza.

Wekeni orodha ya namba za simu: muuguzi wa kituo, wanapikipiki wawili au watatu wanaoaminika, mtu mwenye gari. Katika vijiji visivyo na barabara, vijana wapangwe tayari kwa machela.

Anzisheni sanduku la wagonjwa. Tunajua kwamba familia nyingi huchelewa kwa hofu ya bili, na kwamba wapo wamama wanaobaki hospitalini wiki nzima baada ya kupona kwa sababu hawajalipa. Franka chache za kila Jumapili, zikiandikwa vizuri na kusimamiwa na watu wawili, zinaweza kulipa usafiri wa usiku mmoja. Usafiri huo ndio unaokosekana mara nyingi.

Watumieni wanafunzi wa uuguzi walio katika kanisa lenu. Wapeni nusu saa kwa mwezi, katika kikundi cha wamama au cha vijana, wafundishe mfano mmoja. Anayefundisha kuhesabu pumzi hatasahau namba zile siku ya mtihani.

Na mgonjwa akishafika hospitalini, tumfuate. Maombi yetu hayakuishia mlangoni pa kanisa. Kaeni na mama anayengoja nje ya chumba cha upasuaji. Ombeeni mikono ya daktari. Mkumbusheni aliyerudi nyumbani kumaliza vidonge vyake mpaka siku ya mwisho, na kama ni mtoto, ulizeni ameamkaje.

Bwana, aliye mponyaji wetu, awape wauguzi wetu akili safi na usingizi wa kutosha, awalinde walio barabarani na wagonjwa usiku huu, na atupe sisi viongozi ujasiri wa kusema mapema: inukeni, tumpeleke. Amina.